Aliyegusa Povu

Nilipoanguka mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, mama wa mtoto wa miezi saba, na sikuwahi kuugua zaidi ya homa za masika. Ilikuwa zama za Mdachi, reli ikijengwa kutoka pwani kuja Morogoro, na mume wangu alikuwa huko bondeni akichimba udongo wa tuta pamoja na wanaume wengi wa milima yetu. Mimi nilibaki kwetu, upande wa Matombo, kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Kwa Waluguru mwanamke habanduki kwao. Mume ndiye anayehamia.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanawake watano mtoni, tunaosha magimbi. Mwanangu alikuwa mgongoni, ndani ya mbeleko. Karibu yangu alikuwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ambaye naye alikuwa ananyonyesha. Nyuma ya jiwe kubwa, peke yake, alikuwepo jirani ambaye sikuwa nimesemezana naye tangu mavuno yaliyopita. Tuligombania mpaka wa migomba. Yeye alisema nimeusogeza, nami nilisema kausogeza yeye, na tangu hapo tulipishana njiani kila mtu akitazama upande wake.

Nakumbuka harufu kama ya maharage yaliyoungua. Nilitaka kuuliza nani kaacha chungu motoni. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kuchezacheza chenyewe, nikakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Baada ya hapo sina kumbukumbu.

Mengine niliambiwa. Nilitoa mlio mmoja, nikaanguka kifudifudi, mwili mchangani na uso majini. Mdogo wangu alimchomoa mtoto kwenye mbeleko akapanda naye ukingoni mbio, na wengine wakamfuata. Walipogeuka wakaliona povu linatoka kinywani mwangu na kuelea. Mmoja akasema ni kifafa, na hakuna aliyeshuka tena. Siwalaumu. Sote tulifundishwa tangu utotoni kwamba povu la kifafa likikugusa, ugonjwa unakuwa wako. Ndiyo maana wenye kifafa waliungua motoni huku ndugu zao wamesimama wanatazama.

Jirani ndiye aliyeingia majini. Alinigeuza, akakiweka kichwa changu pajani mwake na kunipangusa mdomo kwa pindo la kaniki yake. Wale wa ukingoni walimwambia aniache. Hakuniacha mpaka mwili ulipotulia.

Nilipozinduka kichwa kilikuwa kizito kama kimejazwa mchanga. Ulimi ulikuwa umekatika pembeni, nguo imelowa, na si kwa maji ya mto peke yake. Niliuona uso wake juu yangu nikadhani tumepigana. Nilimwuliza kama ndiye aliyeniangusha.

“Tulia kwanza,” alisema. “Mtoto wako mzima.”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa kwa mwaka mzima.

Kabla jua halijafika utosini, mjomba wangu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alikwisha kuamua. Degedege ni la watoto, alisema; mtu mzima akianguka, hilo ni jambo jingine. Mtoto angekaa kwa mdogo wangu na kunyonya huko, kwa sababu hakuna aliyejua maziwa yangu yamebeba nini. Mimi ningekula kwa chombo changu na kulala peke yangu. Mjomba hakuwa katili. Mwaka ule alikuwa amezika watoto wawili wa ukoo wetu, na alisema hayo huku ananitazama miguuni.

Nyumba ya mdogo wangu ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Nilimsikia mwanangu kila alipolia. Maziwa yalijaa mpaka kifua kikawa kigumu na cha moto, nikawa nayakamulia kwenye jani la mgomba na kuyamwaga. Nikisogea kuelekea kule, mtu yeyote aliyekuwapo alisimama mlangoni. Hawakunifukuza, walisimama tu. Na juu ya hayo yote niliogopa mwili wangu mwenyewe. Nilikaa mbali na mafiga, nikila ndizi mbivu badala ya kupika, nikinusa hewa kila mara kama harufu ile inarudi.

Siku ya tatu jirani alikuja na chungu chake. Nyumbani kwake nako alikuwa ametengwa: mumewe alimwambia alale jikoni, na akifika mtoni wenzake wananyanyua vyombo na kuondoka. Aliketi bila kukaribishwa, akasema amechoka kula peke yake. Alipoliona lile jani la maziwa kando ya mlango, aliacha kula, akanyanyuka na kuniambia nimfuate kwa mjomba.

Alimwamkia shikamoo akiwa amepiga magoti uani. Mjomba aliitikia marahaba, lakini hakumwambia asogee.

“Mzee, povu la huyu lilinipaka mikono mpaka shingoni,” alisema. “Kama linaambukiza, wa kwanza kuanguka ni mimi. Nitazameni mimi mpaka mwezi uandame. Nisipoanguka, mrudishieni mtoto wake.”

Watu waliamini kwamba kifafa huja na mwezi mchanga. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

“Na ukianguka?” mjomba aliuliza.

“Nikianguka mtakuwa mmejua, na mtoto atakuwa bado hajarudi kwa mama yake.”

Mjomba alikubali. Akaruhusu pia twende misheni, mwendo wa nusu siku, kwa sista mmoja Mzungu aliyetoa dawa. Sista aliniuliza kwa Kiswahili cha kuungaunga kama kwetu kuna mwingine aangukaye, kama nimewahi kuumia kichwa. Nikakumbuka kwamba masika yale niliteleza njiani na mzigo wa kuni, nikagonga kichwa kwenye kisiki. Alisema huenda ndiyo sababu, huenda siyo. Alinipa unga mweupe wenye chumvi wa kukoroga majini asubuhi na jioni, akanikataza kuinamia moto au maji nikiwa peke yangu. Jirani akamwuliza kuhusu povu.

“Hii gonjwa haiendi kwa mtu mwingine,” sista alisema. “Unaweza kugusa.”

Tulipomfikishia mjomba maneno hayo, alisema tutasubiri mwezi kama tulivyopatana.

Dawa ilinilegeza, nilisinzia mchana kama bibi kizee. Lakini usingizi haukuzuia hofu. Nilimtazama jirani kila saa. Jioni moja tukiwa tunamenya maharage mkono wake ulitetemeka, punje zikamwagika, nami nikaacha kupumua. Alisema ni baridi. Baadaye alikiri kwamba tangu nilipomsimulia habari za kile kidole gumba, kila akiamka anakiangalia cha kwake.

“Kwa nini uliingia majini?” nilimwuliza.

“Nilikuwa karibu,” alisema. “Na niliona mapovu ya pumzi yako yanapungua.”

Mwezi uliandama jioni ya mawingu. Mtu wa kilima cha pili ndiye aliyeuona. Kesho yake jirani alilima shamba lake mbele ya macho ya watu wote. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne mjomba alikuja mwenyewe, amempakata mwanangu, akamweka mikononi mwangu. Alisema mtoto ameongezeka uzito.

Nilidhani hapo ndipo shida ingeisha. Mwanangu alinitazama kama mgeni, akageuza uso akamlilia mdogo wangu. Maziwa yalikuwa yamepungua. Siku mbili alikataa ziwa, na mdogo wangu akawa anakuja kumnyonyesha mlangoni pangu, analia yeye, ninalia mimi. Aliniomba radhi kwa kukimbia. Nilimwambia alimwokoa mtoto, na huo ulikuwa ukweli. Siku ya tatu, kwa njaa au kwa kuchoka, mwanangu alinyonya akalala.

Ugonjwa wenyewe haukwisha. Nilianguka tena wakati wa kupalilia, mume wangu akiwa amerudi kutoka relini. Safari hii harufu ilinipa nafasi. Nilimkabidhi mtoto kwa mtu, nikaketi chini. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa ubavu, jirani upande mmoja, mdogo wangu upande mwingine, uso umemjaa hofu lakini mkono wake uko begani kwangu. Mume wangu alikuwa amesimama hatua kumi mbali, jembe mkononi. Ilimchukua mwaka mwingine kuzimaliza hatua hizo. Wapo waliokufa bila kunywa maji kwenye kata yangu.

Nimeanguka mara nyingi tangu siku hizo. Sijaungua, sijazama. Sipiki nikiwa peke yangu, siendi mtoni peke yangu, na mwanangu alipoanza kutembea alishika mkono wangu wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio unaoanza kuchezacheza.