Chai Kwenye Kona

Kwa miaka thelathini alishindilia kokoto chini ya reli, na kazini wakamwita Kokoto mpaka mkewe naye akazoea. Alipostaafu alijenga reli ndogo juu ya meza ya chumba cha wageni: mataruma ya kulalia reli, membamba kama njiti za kiberiti, garimoshi la urefu wa kiganja. Ilibaki kona moja tu kumwagiwa kokoto zake, mfano wa kona aliyoitunza kazini, na kona hiyo ilimkaa rohoni.

Aliyeiweka huko ni Honi, dereva mstaafu wa treni, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Honi hakuchoka kusimulia: "Kona ya huyu bwana ilinimwagia chai mapajani kila asubuhi!" Watu walicheka, Kokoto naye akicheka, ila moyo ulimchoma. Sasa walikuwa wamewekeana ahadi. Jumamosi Honi angeweka kifuniko cha chupa kilichojaa chai juu ya behewa. Ikimwagika, Kokoto akiri mbele ya wenzao wote kwamba kona yake ilikuwa mbovu. Isipomwagika, Honi afunge mdomo.

Ijumaa mchana Kokoto alikuwa akichekecha vijiwe.

"Hicho si kichujio changu cha chai?" mkewe akauliza.

"Nimekiazima."

"Na gundi mbona hujaifungua?"

"Miaka thelathini sijagandisha jiwe hata moja. Kokoto hushikana zenyewe."

"Zile zilikuwa kama ngumi, baba. Hizi nikipiga chafya tumekwisha."

Hakumsikiliza. Alivipanga vijiwe kwa kijiko, akavisawazisha kwa brashi, kisha akawasha garimoshi. Meza ikatetemeka, vijiwe vikaporomoka kwenye magurudumu, garimoshi likalala chali, miguu juu.

Mkewe alijishika pua. "Mimi sijapiga chafya."

Kokoto alifuta yote, akaanza upya, safari hii kwa gundi iliyochanganywa na maji. Lakini matone yaligoma kuzama. Yalibingirika juu ya vijiwe na kuvihamisha.

"Tia sabuni kidogo," mkewe alisema. "Sahani yenye mafuta nayo hukataa maji hivyo hivyo."

Akatia. Matone yakazama kimya, kama siri iliyopata wa kuitunza. Jioni nzima waliinamia kona hiyo, tone kwa tone, vichwa vikikaribia kugusana.

Jumamosi saa nne Honi alikijaza kifuniko mwenyewe, hadi chai ikavimba ukingoni. Garimoshi likaondoka. Kwenye kona chai iliinama, ikatetemeka, ikarudi mahali pake.

Honi alipapasa meza kwa kidole. Pakavu. "Rudia."

Walirudia mara tatu.

"Basi," Honi alisema, akivua miwani. "Kusema kweli, ulikuwa mkono wangu. Nilikuwa nakunywa huku naendesha. Ningewaambiaje wakubwa?"

"Miaka yote hiyo, Honi!"

"Kona haisemi, ndugu yangu. Nikaisingizia."

Kokoto alijikuta anatabasamu tu, kifua chepesi, akammiminia rafiki yake kikombe kizima.

Honi alipiga funda moja, akasita, akatoa kitu kidogo ulimini.

"Shemeji, chai yako ina jiwe!"

"Muulize aliyeazima kichujio," mkewe alijibu.

Honi alicheka mpaka kikombe kikamponyoka, chai ikammwagikia mapajani, naye ameketi kwenye kiti kisichokwenda popote.