Fimbo za Supamaketi za Bouazza Lamrini

Bouazza Lamrini alizaliwa upande wa pili wa ukuta wa uwanja wetu wa gofu, hapa Mohammedia, katika nyumba ambayo mipira iliyopotea ilikuwa ikiangukia bati la jikoni. Mama yake aliirudisha kwa kuirusha juu ya ukuta pamoja na matusi. Mwanawe alianza kubeba mikoba ya wanachama akiwa bado na meno ya utoto, na alipofika miaka ishirini alikuwa akiwashinda kwa fimbo zao wenyewe walizomwazima. Sasa ana miaka arobaini na saba. Ni mchezaji wa kulipwa, jina ambalo mkewe Rkia hulicheka, kwa sababu kinacholisha nyumba ni kufundisha wake wa madaktari namna ya kusimama mbele ya mpira.

Mimi ndiye ninayeita majina ya wachezaji pale shimo la kwanza, kwa hiyo humwona karibu kila siku. Ni mtu wa kushuku. Akinunua samaki hufunua mashavu ya kila mmoja, hata wale anaouziwa na shemeji yake. Karani wa klabu akimsalimu kwa uchangamfu, anauliza kuna nini. Sikumjua hivyo tulipokuwa vijana. Lakini mwanachama mmoja alimwahidi kumgharamia mashindano ya Agadir, kisha akazima simu siku ya safari. Mwingine alimwahidi mkataba na kampuni ya Kifaransa, akamchezesha bure majira mazima ya joto. Mpaka leo mkoba wake hauna jina la mdhamini yeyote, na kwa watu wa kazi yake mkoba wa namna hiyo unaonekana kutoka mbali.

Mwezi Machi akaja Ghizlane Sebti, mwanamke wa makamo, viatu vya raba, mkoba mzito begani. Alitumwa na Tamdart, kampuni ya Casablanca inayounga fimbo za gofu za bei ya chini na kuziuza katika supamaketi, kati ya mahema na baiskeli za watoto. Alimkuta Bouazza uwanja wa mazoezi, nami nilikuwa nimekaa karibu nakunywa chai.

"Kwa nini mimi?" Bouazza akauliza, kabla hata ya kujibu salamu vizuri.

"Kwa sababu unacheza vizuri, bwana Bouazza."

"Wanaocheza vizuri wako Rabat. Umeshawaendea?"

"Nimewaendea."

"Wakasemaje?"

"Watatu walichukua fimbo za bure wakanishukuru sana. Wiki iliyofuata nilizikuta soko la mitumba, bado zina nailoni."

Bouazza akatikisa kichwa kukubali. "Hilo ni la kweli."

"Na mengine pia ni ya kweli, kaka yangu. Jaribu kwanza, uninunie baadaye."

Alichokuwa akikitoa kilikuwa hiki: Tamdart ingelipa safari, kiingilio na hoteli kwa mashindano yote ya msimu. Bouazza angetoa picha yake na maneno machache: hizi ndizo fimbo ninazochezea. Bila mdhamini asingecheza hata shindano moja nje ya mji, na magoti yake hayakuwa na misimu mingi iliyobaki. Upande wa pili walikuwapo wabeba mikoba wetu, ambao hucheza Jumatatu, uwanja unapofungwa, kwa fimbo zilizotupwa na wanachama, moja ya huyu na mbili za yule. Habari ilipowafikia walimwambia wazi: "Mwalimu, wewe ukisema ni nzuri, tunanunua." Kwao ununuzi huo ulikuwa sawa na kununua pikipiki. Na Bouazza anaishi nao mtaa mmoja.

Alipiga mipira kwa fimbo namba saba ya Ghizlane. Ilikwenda juu, ikanyooka, ikashuka pale alipotaka. Akapiga tena. Kadiri ilivyokwenda vizuri ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

Nyumbani Rkia alimsikiliza huku akikunja unga wa mikate ya msemen. "Fimbo nzuri, bei ndogo, na mwanamke anakutafuta akiwa na mkataba mkononi. Baba Hanane, mimi sijui gofu. Lakini hata mimi hapo nimeingiwa na shaka."

"Ndilo ninalowaza."

"Basi usiwaze mbele ya kioo. Tangu juzi unanyoa ndevu kama mtu anayesubiri kupigwa picha."

Asubuhi alimwita Abdelhadi, mbeba mkoba mwenye umri kama wake, akampa pesa alizopata kwa kufundisha mwezi mzima. "Nenda supamaketi ya Ain Sebaa. Nunua seti ya Tamdart. Usitaje jina langu. Wakiuliza, ni ya mjomba wako."

"Mjomba wangu alikufa."

"Basi alikufa akiipenda gofu. Nenda."

Seti mbili, ile aliyoachiwa na Ghizlane ajaribu na hii ya supamaketi, zilipelekwa dukani kwa Ba Lahcen muuza viungo, maana mzani wake ndio pekee mtaani ambao Bouazza anauamini. "Huu unapima bizari, si silaha," Ba Lahcen akanung'unika, lakini alipima. Fimbo za Ghizlane zilipanda uzito polepole, kila moja ikizidi kidogo iliyotangulia, kama inavyotakiwa. Za supamaketi zilikuwa na fujo: namba sita na namba saba zilikuwa sawasawa, na namba nane ilikuwa nyepesi kuliko ilivyopasa. Vichwa vilikuwa vilevile. Mipini ndiyo ilikuwa tofauti. Ya dukani ililegea ukiikunja gotini.

Ghizlane aliporudi kuchukua sahihi, Bouazza aliziweka zote kwenye nyasi, seti moja kando ya nyingine.

"Hizi zimetoka wapi?" akauliza Ghizlane.

"Supamaketi. Ulifikiri sitakwenda?"

Hakuona haya. "Kaka yangu, kampuni zote hufanya hivyo. Hao mabingwa unaowaona kwenye televisheni, unadhani wanapigia fimbo za dukani? Wanatengenezewa zao. Hakuna asiyejua."

"Watu wangu hawajui."

"Na za dukani ni mbaya?"

Bouazza alikuwa amezipiga siku nzima, hakutaka kuzisingizia. "Si mbaya," akasema. "Kwa bei ile ni nzuri kuliko takataka wanazochezea sasa. Nitachezea hizo za supamaketi. Na kwenye picha muandike hivyo: alizinunua dukani kama wewe."

Zamu ya kushuku ikawa ya Ghizlane. Alikunja mikono. "Nani amekutuma?"

"Mimi?"

"Mchezaji anakataa fimbo bora, anataka zile za dukani, mbele ya watu. Ukizicheza vibaya makusudi, nani anaaibika? Sema ukweli, ni kampuni gani inakulipa uje utuchafue?"

Bouazza alicheka. Ni mara chache sana nimemsikia akicheka. "Bibie, angekuwapo wa kunilipa, ningekuwa na mkoba huu?"

Ghizlane alipiga simu ofisini kwao, akazungumza mbali na sisi, akarudi akitikisa kichwa. Wakubwa wamekataa. Mchezaji wa kulipwa aliyejinunulia supamaketi ataonekana maskini, na hakuna anayenunua fimbo ili afanane na maskini. Akachukua seti yake, akaukunja mkataba. Bouazza aliutazama ukiingia mfukoni mpaka mwisho.

Mwezi Mei mashindano ya mkoa yalifanyika hapa kwetu, hayakuhitaji safari. Nilimwita jina lake shimo la kwanza. Alitoka na mkoba wake uleule usio na jina la mdhamini, ndani yake fimbo za supamaketi. Alimaliza wa tisa. Kwa umri wake, na namba nane ile, si haba.

Jumatatu alikwenda kwa wabeba mikoba kuwaambia alichokiona: uzito umevurugika hapa na pale, mpini ni laini, lakini kwa bei ile zinafaa. Walimsikiliza kwa adabu, wakaangaliana.

"Mwalimu," akasema mmoja, "wanakulipa ngapi?"

"Hawanilipi. Nilikataa mkataba."

"Eeh. Umekataa, halafu unazicheza."

"Muulizeni Abdelhadi! Ndiye aliyenunua!"

Wote wakamgeukia. Abdelhadi alikuna shingo. "Nilinunua, ndiyo. Lakini nimekuwa nikiwaza, Bouazza. Kwa nini ulinituma mimi? Labda ulitaka shahidi."

Nadhani Bouazza alilitambua swali lile. Ni aina ya maswali yake mwenyewe. Hakuapa, wala hakukasirika. Alichomoa namba saba, akampa Abdelhadi, akamwaga mipira miguuni pake.

"Usiniamini," akasema. "Piga."

Abdelhadi aliipima mkononi, akaikunja gotini, akainusa pale kichwa cha fimbo kinapoungana na mpini kana kwamba ni samaki. Kisha akapiga. Mpira ulikwenda, ukapinda kidogo kulia, ukashuka si mbali na bendera. Aliuvuta mpira mwingine kwa ncha ya fimbo, na wale wengine wakaanza kupanga foleni nyuma yake, kila mmoja akimtazama Bouazza kwa jicho la pembeni.