Nestori hakuwa mwizi, simu yao ndiyo haikumjua

Kichwa changu kinakataa mpaka sasa. Nestori wetu ameuawa kwa fimbo Majimoto, mchana kweupe, eti mwizi wa ng'ombe.

Nimesoma komenti zenu. "Wezi dawa yao ni hiyo." "Angebaki kwao Mishamo." Nyie mlioandika hivyo, kaeni hapa msome mpaka mwisho. Leo simbembelezi mtu.

Nestori alikuwa fundi wa seva, kompyuta zinazobeba tovuti, kwenye ofisi yetu ndogo hapa Mpanda. Mimi naandika maneno, yeye ndiye aliyeyafikisha kwa watu. Mtu wa kelele. Akicheka, jirani anagonga ukuta. Akikasirika, jirani anahama.

Kazi aliyoipenda ni ukurasa wa vibali vya kusafirisha mifugo, tuliokitengenezea chama cha wafugaji. Ukinunua ng'ombe mnadani, picha yako na ya ng'ombe zinawekwa pale. Sungusungu, walinzi wa vijiji, wakikusimamisha njiani wanafungua ukurasa, wanakuona, wanakuachia. Wanafungua kwa simu YAO, siyo yako. Utaratibu mzuri, maana simu ya mwizi inaweza kuonyesha chochote.

Sasa nipeni dakika ya ufundi. Tovuti inabeba cheti kinachothibitisha kuwa ni yenyewe. Cheti hicho kinadhaminiwa na kingine, na hicho nacho kinadhaminiwa na mkubwa ambaye simu inamjua tangu kiwandani. Huo ndio mnyororo. Programu inayohuisha vyeti yenyewe inakupa minyororo miwili: mfupi, unaoishia kwa mkubwa mpya, na mrefu, unaofika mpaka kwa mkubwa wa zamani. Usipochagua, inakuwekea mfupi. Na simu za zamani hazimjui huyo mpya, zinagoma kufungua.

Nestori alichagua mrefu. Mstari mmoja tu kwenye mipangilio.

"Kaka," aliniambia siku moja, mdomo umejaa muhogo, "ukienda ugeni Ikola unapitia kwa nani? Si kwa balozi wa nyumba kumi anayejulikana? Huwezi kudhaminiwa na mtu aliyehamia jana! Basi simu ya mzee wa Ikola nayo ina akili hiyo hiyo."

Meneja wetu, mtu wa tai, aliuchukia ule mstari. "Nestori, dunia inaenda mbele. Mwenye simu ya zamani anunue mpya."

Nestori alipiga meza mpaka chai ikamwagikia tai. "Anunue kwa nini, bosi? Kwa mavi ya ng'ombe?"

Ofisi nzima ilikufa kwa kicheko. Hata sasa nacheka, halafu nakumbuka.

Wiki iliyopita alichukua likizo. Mdogo wake anaoa, akaenda Majimoto kununua ng'ombe wawili wa mahari. Picha yake ikawekwa kwenye ukurasa kama ya mnunuzi mwingine yeyote: amekumbatia shingo ya dume jekundu, ametoa ulimi.

Huku nyuma meneja akahamishia tovuti kwenye seva mpya. Mstari wa Nestori hakuuhamisha. "Tuache default," alisema, yaani mnyororo mfupi unaojiweka wenyewe. Default! Mnaniambia teknolojia haina upande. Usipochagua wewe, kuna mtu amekuchagulia, na huyo mtu hajawahi kukanyaga Majimoto.

Sungusungu walimsimamisha akitoka mnadani. Akanipigia, bado anacheka. "Kaka, ukurasa unagoma kwenye simu ya kamanda wao. Huyo meneja kaondoa mnyororo wangu? Mwambie arudishe mstari, haraka."

Nywila alikuwa nayo meneja. Meneja alikuwa hotelini anakula wali kuku, simu kazima. Nikakimbia, Nestori yuko sikioni.

"Kamanda, tazama kwangu, inafunguka."

"Kwako itaachaje kufunguka? Umeitengeneza mwenyewe! Simu yetu inasema hapa kuna watu wanaiba. Soma, imeandikwa."

"Hilo ni onyo la cheti, mzee wangu, linahusu wezi wa mtandaoni, siyo mimi."

"Nani anakujua hapa? Taja mtu mmoja."

Majimoto nzima, hakuwa na mtu mmoja wa kumtaja.

Fimbo ya kwanza niliisikia. Akamwita mama yake kwa Kirundi, lugha ya kwao Mishamo, na hicho Kirundi kikawapandisha hasira. "Kumbe hata wa hapa siyo!" Baada ya hapo nikasikia mifupa. Haya, wekeni komenti hapo.

Meneja nilimkuta anachokonoa meno. Nilimkamata kwa ile tai nikamburuta, sahani zikavunjika, mpaka kwenye kompyuta. Aliurudisha mstari. Mstari mmoja!

Waliokuwepo Majimoto wanasema kamanda alibonyeza tena, vidole vina damu. Safari hii ukafunguka. Akamwona Nestori na dume jekundu, katoa ulimi. Kamanda akakaa chini kwenye vumbi, simu mkononi.

Jana tulikuwa msibani Mishamo. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alisimama nje ya mkeka. "Mimi simlilii mwizi."

Mama Nestori akanigeukia mbele ya watu wote. "Mwanangu, wewe ulikuwa naye kazini. Aliiba?"

Nilimwomba yule jirani simu yake. Ya zamani, kioo kimepasuka kama kiganja cha mkulima. Nikafungua ukurasa, nikamrudishia aangalie mwenyewe.

Akaangalia. Akageuza shingo kwa ng'ombe wawili waliofungwa nyuma ya nyumba, waliorudishwa na watu wale wale waliomuua. Akaangalia simu tena.

"Ndiye," akasema. "Na dume ni hili."

Akavua kandambili, akaketi mkekani, akaanza kulia kwa sauti.

Kwa hiyo nyie wa komenti, chukueni simu kuukuu kuliko zote nyumbani kwenu, fungueni ukurasa, mtazameni usoni. Halafu rudini hapa mfute mlichoandika. Na wewe meneja, uguse tena ule mstari, utanikuta mlangoni.

Nestori, fundi wangu, mpiga meza wangu. Sasa hakuna simu isiyokujua. Pumzika, kaka, mama yako ameshajibiwa.