Bibi Koleo na Mawe ya Sukari

Pale Mabwerebwere, Kilosa mjini, mtoto akigoma kuoga mama yake hamtishii polisi wala zimwi. Anamwambia tu, "Ngoja nimwite Bibi Koleo." Mtoto anaoga.

Jina halisi la Bibi Koleo ni Verdiana, na hakuwa mtu mkatili hata kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi, msafi kupita kiasi, aliyefanya kazi ya usaidizi katika chumba cha meno cha hospitali tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Alichemsha vifaa, akapanga koleo za kung'olea meno kwenye sinia, na zaidi ya yote akamshika mgonjwa kichwa na kumwambia, "Haiumi, haiumi," wakati daktari akivuta. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walishawahi kulia wakiwa wamebanwa kwapani mwake.

Kustaafu kulimtoa hospitalini tu. Kazi aliendelea nayo barabarani. Alimsimamisha mtoto yeyote aliyetoka shule, akaitikia shikamoo yake, kisha akasema, "Haya, fungua mdomo." Aliwahi kumchomoa mtoto wa jirani pipi ya kijiti mdomoni, akaifunga vizuri kwenye karatasi na kumpelekea mama yake kana kwamba ameokota pochi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapita miaka sitini na meno yake yote alikuwa nayo. Hilo alilisema hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza, na mara moja alilisema msibani.

Desemba ilipofika, binti yake Devota, anayeuza chakula Mikumi kando ya barabara kuu, alimletea wajukuu wawili wa likizo. Salome alikuwa amemaliza darasa la tano na alikuwa na maneno ya mtu wa darasa la saba. Beda, mdogo wake, ndiyo kwanza meno ya utoto yalikuwa yanaanza kumtoka. Mvua zilikuwa zimeanza, nje tope tupu, na watoto walishachoka kuhesabu kuku.

"Bibi," Salome alisema asubuhi moja, "tutengeneze mawe ya sukari. Nimeona kwenye simu ya mama. Unachemsha sukari na maji, unamimina kwenye chupa, unaning'iniza uzi ndani, unasubiri. Sukari inagandia kwenye uzi yenyewe, inakuwa kama vioo."

"Halafu?"

"Halafu tunakula," alisema Beda.

Salome alimkanyaga mguu. "Hatuli, Bibi. Tunaangalia. Mwalimu wetu wa sayansi alisema chembe za sukari zikiachwa zitulie zinajipanga zenyewe. Ni somo."

Verdiana aliweka chini ungo wa mchele. Neno "somo" lilimkamata pabaya. Mtu aliyezunguka shule za wilaya nzima na picha za magego yaliyooza hawezi kusema hataki somo.

"Mtaangalia tu?"

"Tutaangalia tu, Bibi."

"Atakayelamba atarudi Mikumi kwa miguu."

Dukani kwa Abubakari, Verdiana alikuwa na mazoea ya kununua robo kilo ya sukari, tena kwa ajili ya wageni. Siku hiyo aliagiza kilo mbili. Abubakari aliacha mzani ukining'inia.

"Mama Devota, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi kuna posa."

"Hakuna posa, Abubakari. Pima sukari."

"Napima. Ila mtu akiniuliza nitasema nini?"

"Sema ni ya sayansi."

Abubakari alisema hivyohivyo, kwa kila mteja, mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Bibi Koleo amenunua kilo mbili za sukari na sababu hataki kuitaja.

Nyumbani, jiko la mkaa liligeuzwa chumba cha upasuaji. Watoto walinawa mikono mpaka viwikoni. Chupa tupu za siagi ya karanga zilichemshwa, nyuzi zikachemshwa, hata vijiti vya kuning'inizia nyuzi vilichemshwa. Verdiana alivaa aproni yake ya zamani ya kazini na kuwaagiza wasipumue juu ya sufuria. Sukari iliingia kikombe baada ya kikombe kwenye maji kidogo, naye akakoroga huku uso umekunjamana kama mtu anayelazimishwa kupika pombe. Maji yalipokuwa mazito na maangavu, Beda aliomba rangi, wakatia maji ya rozela yaliyochemshwa mpaka yakawa mekundu sana. Kila uzi ulichovywa, ukapakwa chembe za sukari na kuachwa ukauke, kisha ukashushwa ndani ya chupa ukiwa umefungwa kwenye kijiti kilicholala mdomoni mwa chupa. Chupa zikafunikwa kitambaa na kupangwa juu ya meza ndogo ya sebuleni. Miguu ya meza ikatumbukizwa kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande.

"Sasa," alisema Verdiana, "hakuna kugusa, hakuna kutikisa, hakuna kuongea karibu."

"Kuongea kunafanya nini?" aliuliza Beda.

"Hakuna kuuliza karibu."

Watoto, kusema kweli, walivumilia vizuri. Waliangalia asubuhi, wakaangalia jioni, katikati wakaenda kucheza. Aliyeanza kubadilika ni bibi. Kwanza alihamisha kiti chake kutoka barazani kikaja karibu na meza, akisema barazani kuna upepo. Kisha akaanza kuchambulia mchele palepale. Siku alipofunua kitambaa na kuona vitu vidogo vyenye kona vimechomoza kwenye uzi, aliinama mpaka pua ikagusa chupa.

"Yanaota," alisema polepole, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia akina mama wenye watoto wachanga kliniki. "Salome, njoo uone. Yameanza na ya mbele."

Mama Resiato, mfugaji anayeleta maziwa kila asubuhi, alimkuta katika hali hiyo, amepiga magoti mbele ya chupa nyekundu. Alisimama mlangoni na dumu lake.

"Hiyo ni dawa ya nini, bibi?"

"Si dawa. Ni sukari inakua."

Mama Resiato alitafakari. "Inakua," alisema, akamimina maziwa na kuondoka. Baadaye alimwambia Abubakari kwamba bibi mzee hali yake si nzuri, wamwangalie.

Mawe yalikua kweli. Yalishikana, yakapandana, mpaka kila uzi ukawa na shada la vioo vyekundu vilivyokuwa viking'aa jua likipita dirishani. Lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa la chupa ya mwisho, nene kama kidole gumba. Hilo ndilo lililomponza.

Mchana huo watoto walikuwa wamekwenda mashineni kusaga mahindi. Verdiana alibaki peke yake na meza. Alijiambia kwamba mtu mzima anayetunza kitu lazima akikague. Alivuta kijiti cha chupa ya mwisho, akaacha uzi uchuruzike, akaugeuza kwenye mwanga. Alijiambia kwamba huwezi kujua ubaya wa kitu kwa macho peke yake, akalamba. Uchachu wa rozela ulitangulia, utamu ukafuata taratibu, na Verdiana alifumba macho. Akalamba tena. Akafyonza. Kisha akaona kufyonza ni kupoteza wakati, akalibana lile jiwe kwa meno ya mbele alinyofoe kwenye uzi.

Kitu kilisema "ko."

Alifurahi, akidhani limevunjika. Jiwe lilikuwa zima. Ulimi wake ulikwenda kutazama na kukuta mlango wazi mahali ambapo palikuwa na jino tangu akiwa darasa la kwanza.

Watoto waliporudi walimkuta ameketi barazani, khanga imemfunika mpaka puani. Salome alitua unga na kwenda moja kwa moja kwenye meza.

"Bibi, chupa ya mwisho haina kitu. Nani ametoa?"

Verdiana alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

"Thithimithi," alisema.

"Nini?"

"Thithimithi wamekula."

Beda alichuchumaa na kukagua makopo ya maji chini ya miguu ya meza, moja baada ya jingine. "Waliogelea?" aliuliza. Bibi alisema ana mafua, akaingia chumbani.

Usiku jino lilimuuma, na kulipokucha shavu lilikuwa limejaa. Hakukuwa na la kufanya ila kwenda hospitali, na watoto hakuwa na wa kumwachia. Alijitanda khanga kama mtu anayekimbia deni, lakini mwendo wake ulijulikana Kilosa nzima. Kwenye benchi la chumba cha meno kila mtu alisogea kumpisha.

"Shikamoo, Bibi Koleo."

Kutoitikia shikamoo ni jambo zito. Verdiana aliitikia kwa kichwa, benchi zima likatazamana. Mzee mmoja alinong'ona kwamba pensheni imempandisha mabega.

Daktari alikuwa Ditram, kijana aliyekuja pale akiwa mwanafunzi na kuelekezwa na Verdiana kila kitu, hadi namna ya kuwatuliza watu wanaopiga mateke. Alimkalisha kwenye kile kiti, akafunua khanga kwa heshima, akawasha taa.

"Pole sana, Mama. Umevunja vibaya, na mzizi umebaki. Ulikuwa unakula nini?"

"Mfupa," alisema Verdiana.

Beda, aliyekuwa amesimama mlangoni na dada yake, alishangaa. "Bibi, si ulisema ni sisimizi?"

Ditram aligeuka. Salome alitazama dari. Beda, kwa nia njema kabisa, akaona asaidie. Akatia mkono mfukoni na kutoa kitu kidogo cheupe.

"Mimi nimeokota hili chini ya meza. Ni jiwe la sukari ambalo halikushika rangi. Ila nimelinyonya, halina utamu."

Ditram alilipokea kwenye kiganja, akalisogeza kwenye taa, akalitazama, akamtazama Verdiana. Aliweka lile jino kwenye sinia, akaomba radhi na kwenda kusimama dirishani akiwa amewapa mgongo. Mabega yake yalitikisika muda mrefu. Mlango ulikuwa wazi, na benchi lilikuwa limesikia yote. Yule mzee wa pensheni ndiye aliyeanza kucheka, kwa kikohozi kwanza, halafu waziwazi, mpaka mama mmoja aliyekuwa na jipu la fizi akawa anawaomba wanyamaze kwa sababu kucheka kunamuuma.

Verdiana alikaa pale mdomo wazi. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira zilipo, akakosa. Alichohisi ni kwamba amechoka kidogo kuwa na meno yote.

"Fanya kathi yako, Ditram," alisema.

Ditram alichoma sindano, akachukua koleo. Msaidizi mpya alimbana Verdiana kichwa kwapani.

"Haiumi, Mama," alisema Ditram.

"Nyamatha," alisema Verdiana. "Vuta."

Habari zilifika Mabwerebwere kabla yake. Kesho yake asubuhi palikuwa na watoto getini, wale ambao siku zote wakimwona walivuka barabara. Hawakukimbia. Mmoja alisukumwa mbele na wenzake akauliza, baada ya shikamoo, kama wanaweza kuona mawe. Mwingine akauliza kama wanaweza kuona pengo.

Verdiana alionyesha pengo. Kisha akaagiza kila mtu akalete mswaki kwao.

Sheria alizitoa mwenyewe. Jiwe linaliwa mara moja, likiwa limevunjwa kwa nyundo kwanza, halizungushwi mdomoni mchana kutwa. Ukimaliza unasukutua kwa maji na baadaye unapiga mswaki, yeye akiwa anatazama. Abubakari alishangaa kuuza sukari na miswaki kwa wakati mmoja kwa watu walewale, akaamua kutouliza tena.

Devota alipokuja kuwachukua watoto, alikuta uani kwa mama yake watoto wamejipanga kandokando ya tuta la mchicha, wote wanatema povu. Salome alikuwa na nyundo. Beda alikuwa anawakagua wenzake magego. Verdiana alikuwa katikati, na aproni, akimwambia mmoja arudie upande wa nyuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Devota aliliona pengo, akaiona chupa, akaliona bakuli la vipande vyekundu. Hakucheka.

"Mama," alisema, "mimi peremende ya kwanza nimekula nikiwa na mimba ya Salome. Nilijificha chooni."

Watoto waliokuwa karibu waliacha kupiga mswaki ili wasikie. Verdiana alikwenda ndani, akavuta uzi mmoja uliobaki kwenye chupa, akauacha uchuruzike vizuri, akamletea binti yake.

"Uthitumie meno ya mbele," alisema.

Devota alilipokea lile jiwe na kuanza kulinyonya palepale alipokuwa amesimama, begi likiwa bado begani, na basi la Mikumi likapita wakilisikia likipiga honi, hakuna aliyelikimbilia.