Yowe la Mchezo wa Stefania

Stefania aliuza chai na viazi vya kuchemsha huko Kerende, kwenye machimbo ya dhahabu, katika kibanda cha mabati kilichoungana na chumba chake cha kulala. Wachimbaji waliosubiri zamu ya kushuka duarani, yaani shimoni, walikaa pale wakicheza mchezo ambao haukuuzwa kwenye duka lolote. Aliuchora mwenyewe juu ya kipande cha boksi la sabuni, awaonyeshe watoto wake mambo aliyoyapitia akiwa na miaka tisa, mwaka ambao koo mbili zilipigana na nyumba yao ikachomwa.

Kila mchezaji alikuwa mama mwenye vizibo vinne vya soda: mtoto, kuku, chungu na blanketi. Ukirusha dadu unakimbia, unapita kisimani, kwenye shamba la mihogo, unavuka mto, mpaka kanisani. Hakuna aliyekuwa askari. Mshindi ni yule aliyefika na vizibo vingi, na wengi walifika na blanketi tu.

"Mama, mchezo wako una roho mbaya," walimwambia wakicheka.

"Cheza ule viazi," alijibu.

Aliyeangukia "nyumba imeungua" alipaswa kupiga yowe, ila kwa kugonga meza mara tatu. Yowe lenyewe halikuwa la kuchezea. Anayelisikia hulipokea, hulipaza zaidi, huchukua panga na kukimbilia lilikotokea. Kuuliza ni baadaye.

Asubuhi moja Simioni, mchimbaji wa hapo hapo, alikuwa akicheza na Ochieng, mgeni wa wiki mbili kutoka Migori. Siku tatu nyuma watu wa koo mbili walikuwa wamegombania duara jipya, na kijana wa hapa akapasuliwa kichwa. Wachimbaji wa ukoo wa ng'ambo ya mto walikwisha kuondoka wote. Mmoja tu alikuwa amerudi kuchukua nguo zake: Waitara, mume wa Christina, binti wa Stefania. Alikuwa nyuma ya kibanda, amekaa kwenye jiwe akiwapa mgongo, akinywa chai aliyopelekewa na Simioni. Mkwe hakai meza moja na mama mkwe wake, wala hamshiki mkono, na chumba anacholala mama huyo hata kukitazama hathubutu. Kwa miaka minne wale wawili walikuwa wamezungumza kupitia ukuta.

Dadu ikasimama. Kizibo cha Ochieng kikaangukia nyumba iliyoungua.

"Gonga meza," Simioni alimwambia.

"Gonga meza! Kwani nyinyi watu wa hapa mnaogopa hata boksi la sabuni?"

Ochieng akakusanya viganja mdomoni, akapiga yowe. Simioni alimrukia na kumziba mdomo, lakini mlimani kulikuwa kumeshaitikiwa. Kisha mlima wa pili. Kisha chini, karibu na karasha, ambako mashine ya kusaga mawe ilizimwa ghafla.

Stefania alikimbilia nyuma ya kibanda. Waitara alikuwa amesimama, kikombe bado kinafuka mvuke juu ya jiwe. Barabarani vumbi lilikuwa linakuja. Stefania akamshika mkono.

"Mama!" Waitara alijivuta kana kwamba ameungua.

"Nyamaza."

Akamsukuma mpaka chumbani, akamtupia kanga yake kichwani, akashusha pazia.

Wanaume kumi na kitu walifika wakihema, mbele yao Nyangwine, ndugu wa yule aliyepasuliwa.

"Yowe la nani?"

"Ni mchezo," Simioni alisema. "Huyu mgeni hajui."

Nyangwine alimpiga Ochieng kofi, akageuka kuondoka, akakiona kikombe kwenye jiwe la nyuma, mahali pa mkwe.

"Mkweo alikuwa hapa."

"Amekimbilia mgombani," Stefania alisema.

Mmoja wao, kijana mdogo, akashika pazia.

"Shika vizuri, mura," Stefania alimwambia. "Fungua umtafute mkwe wangu kitandani kwangu. Halafu kawaambie wazee kwamba ulidhani yumo."

Yule kijana aliachia pazia, akajifuta mkono kwenye suruali. Nyangwine akatazama chini. Wakaelekea mgombani, na kwa muda mrefu ilisikika migomba ikikatwa.

Stefania aliingia, akaelekea ukuta.

"Toka kwa dirisha la upande wa choo. Shika mtaro mpaka njia ya Nyamwaga."

"Wakiniuliza nilijificha wapi?"

"Mgombani."

Bati la dirisha likalia, kisha kimya. Stefania alibaki ameukabili ukuta, akingoja yowe lingine.

Siku mbili baadaye Christina alikuja. Waitara alikuwa amefika salama, lakini hali chakula, haongei, na usiku anashtuka. Christina akatoa kwenye mfuko wa nailoni kanga iliyokunjwa vizuri.

"Alirudi amejifunika hii, mama."

Stefania hakuipokea. "Nani mwingine ameiona?"

"Mama yake Waitara ndiye aliyeifua, na anajua si yangu."