Jiwe la Kufungia Jua

Tangu Jumatatu, Yanet alipopiga simu kutoka Cusco kwamba tiketi za Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka, zimepatikana na Jumapili ndiyo siku yenyewe, Anselmo Ccahuana hakukaa kitako. Alipanda juu ya paa la zizi akabadilisha nyasi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Akashuka, akanoa jembe. Akawapandisha lama malishoni, akawateremsha hata hawajashiba. Mkewe Nicolasa alikuwa kizingitini anafuma kofia, akamtazama akienda na kurudi, mwisho akamwuliza kama ameingiwa na viroboto.

Majirani walidhani ni furaha. Na kwa nini isiwe furaha? Huyu ni mtu aliyebeba mizigo ya wageni kwenye njia ya Wainka inayofika huko kwa miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yakamgomea. Mahema, mitungi ya gesi, viti, meza, vyote vimepita mgongoni mwake. Sasa anakwenda mahali pale kama bwana, na mkewe pembeni, na binti yao mbele na tiketi mkononi. Kila aliyepita alimwambia: haya, Anselmo, safari hii mzigo wako ni mke tu.

Masikini, hawakujua. Anselmo hakuwahi kuingia Machu Picchu hata siku moja.

Ndivyo kazi ile ilivyokuwa, na waliowahi kuifanya hawatashangaa. Siku ya nne ya safari, alfajiri, wageni huamshwa wakaone jua likichomoza juu ya mji wa kale. Wapagazi wao hukunja mahema, hujitwisha, na kuteremka mbio kwa njia nyingine kuwahi treni. Ukichelewa treni imekwenda, na safari ijayo jina lako halisomwi. Kwa hiyo Anselmo alifika mlangoni mara mia kadhaa, na mara zote akaugeuzia mlango mgongo.

Lakini mwaka wa kwanza, aliporudi kijijini kijana mbichi mwenye mke mpya, watu walimzunguka wakitaka habari. Angewaambia nini? Kwamba amekwenda mpaka harusini akaishia kuosha sufuria? Akasema ameingia. Akawasimulia ngazi, na kuta ambazo hata kisu hakipenyi, na lile jiwe la kufungia jua lisitoroke, ambalo alikuwa amelisikia kwa mpishi tu. Ulikuwa uongo mdogo wa kujitia ukubwa, na wanaume wengi tumeusema.

Ungeishia hapo, lisingekuwa neno. Haukuishia. Mtoto wao wa kwanza, Eloy, alipotimiza miaka mitatu alikatwa nywele zake za kwanza kama desturi inavyotaka. Baba wa ubatizo alikata fungu la kwanza, kila mgeni akakata lake, watu wakala, wakanywa pombe ya mahindi, wakacheza ngoma. Nywele zikatiwa katika kifuko alichokifuma Nicolasa mwenyewe. Mvua za mwaka uleule zilikuja na kikohozi, na kikohozi kikamchukua Eloy. Baada ya mazishi Nicolasa alimpa mumewe kile kifuko. Akamwambia ampeleke mtoto kule anakoingia yeye, kwenye jiwe la kufungia jua, ili asikose jua tena.

Anselmo akakipokea. Aliporudi na kuulizwa, akasema amemweka chini ya jiwe, upande wa mashariki. Tangu siku hiyo Nicolasa akaanza kula tena.

Sasa imepita miaka ishirini na tisa, na mwaka huu Nicolasa amemwambia Yanet kwamba anazeeka, na kabla miguu haijakataa anataka akaone mahali alipo Eloy. Yanet ni binti mwenye haraka. Hakuuliza mara mbili, akatafuta tiketi.

Jumanne Anselmo akaanza kutafuta visingizio. Alisema mvua itawanyeshea. Nicolasa akamwonyesha mbingu ya Julai, isiyo na wingu hata la dawa. Alisema goti. Nicolasa akalikanda goti kwa mafuta ya lama mpaka likang'aa. Akasema viazi viko nje vinagandishwa na baridi, asubuhi lazima vikanyagwe maji yatoke, la sivyo vitaoza; nani atavikanyaga?

"Nyumba ya Cipriano," alijibu Nicolasa bila kuinua macho kwenye kofia yake. "Mwezi wa tano si tuliwavunia? Zamu yao kutulipa. Nimeshawaambia."

Hata hilo lilikuwa limefungwa.

Jumatano asubuhi akaenda kwa Mama Paulina, bibi anayesoma majani ya koka. Alipeleka moyoni ombi moja tu, majani yaseme usiende. Mama Paulina akayarusha kwenye kitambaa, na karibu yote yakaanguka upande wa kijani juu. Akasema safari ni njema, njia nyeupe, hata ajali ndogo haionekani. Anselmo akamwomba arushe tena.

"Mwanangu," alisema Mama Paulina akiyakusanya, "majani hayaulizwi mara mbili kwa sababu jibu halikukupendeza. Una nini wewe?"

Akasema hana kitu, akaondoka.

Mchana alikwenda dukani, akasimama mbele ya kalenda ukutani. Picha ya Machu Picchu ilikuwepo pale tangu mwaka juzi, na leo ndiyo kwanza aliitazama sawasawa. Akahesabu ngazi kwa kidole. Akajaribu kukisia pa kuingilia, pa kupindia, jiwe liko wapi. Picha ile ilipigwa kutoka mbali, na jiwe halikuonekana. Mwenye duka akamwuliza anatafuta tarehe gani.

Bahati, au mkosi, alimkuta Rolando njiani. Kijana huyu wa jirani anaongoza wageni kulekule, na wiki hiyo alikuwa nyumbani kwa likizo. Anselmo akajifanya anapiga soga, akamwuliza siku hizi watu wanaingilia upande gani kwenye lile jiwe la jua. Rolando akamjibu kwamba siku hizi kuna kamba, hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Anselmo alishusha pumzi ya kwanza tangu Jumatatu. Basi kama haliguswi, nani atachungulia chini yake?

"Na chini yake," akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "bado pana ule uwazi?"

Rolando akacheka. "Chini gani tena, mjomba? Lile halikuwekwa pale. Ni mwamba wenyewe wa mlima, wamelichonga likiwa hapohapo. Halina chini. Wewe si umeliona miaka nenda rudi?"

"Nimeliona," alisema Anselmo. "Nilikuwa nakupima."

Akaenda zake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imejinyoosha miaka ishirini na tisa, akaisahau kuwa ina mwisho. Nicolasa angesimama mbele ya kamba ile, angetazama mwamba ulioota kutoka ardhini, na asingehitaji mtu wa kumfafanulia. Mwanamke yule amejenga kuta za mawe kwa mikono yake. Anajua jiwe lililowekwa na jiwe lililozaliwa hapo.

Alipofika nyumbani alijaribu silaha ya mwisho. Akasema amepata habari, jiwe limezungushiwa kamba, haligusiki, kwa hiyo safari yote ile itakuwa kazi bure.

"Sitaki kuligusa," alisema Nicolasa. "Utanionyesha kwa kidole tu, Baba Yanet. Inanitosha."

Alhamisi jioni, mlo ukiwa jikoni, Nicolasa alikata uzi wa mwisho wa kofia, akaivuta kuilainisha, akampa mumewe aijaribu. Ilikuwa kofia ya baridi yenye masikio, nyekundu, na mstari wa lama wadogo wamezunguka. Ilimwenea Anselmo barabara.

"Ahsante," alisema Anselmo.

"Si yako," alisema Nicolasa. "Nimekupimia tu. Ya Eloy. Angekuwa na miaka thelathini na miwili, kichwa chake kingekuwa kama chako. Nitamwachia hapo kwenye kamba, wakiondoa shauri yao."

Anselmo akaivua kofia. Hakuweza kuirudisha wala kuishika. Akaiweka gotini, na maneno yakamtoka kama mtu anayetapika.

"Sijawahi kuingia mle, Nicolasa. Hata mara moja. Wapagazi hatukuingia. Nilidanganya mwaka ule wa kwanza, na uliponipa kifuko nikashindwa kurudi nyuma. Eloy hayuko Machu Picchu."

Nicolasa alimtazama. Akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Ulimtupa wapi mwanangu?"

"Sikumtupa. Yuko juu, kwenye mlango wa milima, njia inapovuka kati ya vilele, pale kwenye lundo la mawe..."

Hakumaliza. Nicolasa alichukua kofia gotini pake, akaingia jikoni, akafunga mlango. Akalala humohumo na simbilisi wake, vijinyama anavyovifuga jikoni, na Ijumaa nzima hakusema na mumewe. Alisema na simbilisi. Alisema na mbwa. Alimwambia mbwa kwamba kuna viumbe wanakula viazi vya watu miaka thelathini na hawana haya, na mbwa akatikisa mkia. Yanet alipopiga simu kuuliza kama wamefungasha, mama yake alimjibu kwamba amwulize mwenye kujua njia.

Anselmo hakupanda paa tena wala hakunoa kitu. Alizunguka nyumba. Alikaa kwenye ukuta, akainuka, akakaa upande wa pili. Aliogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa hata kwenye maporomoko akiwa na mzigo mgongoni. Amemzika mtoto yule mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumamosi adhuhuri alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni kwa nje, akasikia sauti ya mkewe kutoka upande wa ndani.

"Hilo lundo. Ndilo lile wapita njia wanaloongezea mawe?"

"Ndilo." Hakuthubutu kugeuka. Kila anayevuka mlango ule wa milima huweka jiwe alilolibeba kutoka chini, apate ruhusa ya mlima na auachie uchovu wake pale. Kila mtu huku analijua, hana haja ya kuelezwa.

"Kuna baridi?"

"Ipo. Lakini jua linafika hapo kabla ya kufika kokote. Sisi tukiwa bado gizani chini, pale pameshakuwa peupe. Nilichimba katikati, nikamfunika vizuri. Sikumweka pembeni."

Simbilisi wakalia wakitaka majani.

"Mara ngapi umepita hapo?"

"Kila safari. Hapana njia nyingine."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

Anselmo akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia mama yako mzima. Nilimwambia una dada, anaitwa Yanet. Nilimwambia viazi vimekuwaje. Halafu namwekea jiwe lake naendelea, maana kiongozi anapiga kelele."

"Jiwe gani?"

"La mtoni. La hapa kwetu."

Hapo ndipo Nicolasa alipofungua mlango. Kwa miaka yote ile alimwona mumewe, kila asubuhi ya safari, anateremka mtoni nyuma ya nyumba na kurudi na jiwe la ukubwa wa ngumi, analisukumiza kwenye mzigo. Alimgombeza wee mpaka akachoka: kilo zote hizo za wageni hazikutoshi, mpaka uongeze na mawe? Yeye alicheka tu, akasema ni desturi ya wapagazi. Na ilikuwa desturi kweli. Ila wenzake waliokota jiwe lolote, chini ya kilima.

Hasira haikuwa imemtoka Nicolasa, hata kidogo. Alimwambia waziwazi kwamba hajamsamehe, na kwamba huenda akafa hajamsamehe, maana miaka ishirini na tisa amekuwa akielekeza sala zake upande usio wake. Amegeukia bonde, mtoto yuko mlimani nyuma ya kisogo chake.

"Ndiyo," alisema Anselmo.

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

Nicolasa mwenyewe akampigia simu Yanet. Akamwambia aende Machu Picchu na mumewe, watazame hayo mawe kwa niaba ya ukoo. Mawe ya Wainka yamekaa miaka mia tano, hayatakimbia. Yanet akapiga kelele kuhusu majina kwenye tiketi, mama yake akamkatia simu katikati. Halafu akauliza kama ile njia ya wachungaji kutoka nyuma ya kijiji bado inafika kwenye mlango wa milima. Anselmo akasema inafika, siku nzima kwa mtu mwenye magoti, siku mbili kwa wao.

"Basi siku mbili," alisema Nicolasa.

Akafunga viazi vya kuchemsha, mahindi ya kukaanga na jibini kwenye shuka yake ya kubebea, na kofia nyekundu juu. Kisha akateremka mtoni peke yake. Anselmo alisimama uani, hajui kama amfuate au abaki. Hatua mbili mbele, mbili nyuma. Nicolasa alikawia mpaka jua likaanza kuinama.

Alirudi na mawe mawili, yote mabichi kwa maji. Moja lilikuwa dogo la mviringo, akalitia katika shuka pamoja na kofia. La pili lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtu, alilikumbatia kwa mikono miwili, na sketi yake yote imelowa. Akalitua miguuni pa mumewe.

Watu waliacha kumwita Anselmo kwa jina la mtoto wake wa kwanza tangu siku ya mazishi, na yeye Nicolasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha.

"Hilo la kwako, Baba Eloy," alisema. "Mizigo umeizoea."