Shangazi Aligoma Kushusha Bamba

Shangazi yangu hutetemesha ardhi. Usicheke, ni kazi. Lori lake lina bamba zito la chuma tumboni. Analishusha, analikandamiza chini, anabonyeza kitufe, na ardhi inaunguruma. Vinasa mitetemo vilivyochomekwa kwa mstari hupokea mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba, na wataalamu wakajua kilichoko huko chini. Kwa miaka mingi alibeba nyaya za vinasa hivyo tu, akiambiwa lori si la wanawake. Kile kiti cha dereva alikipigania kufa na kupona.

Siku moja mstari wa vipimo ukapita ubavuni mwa nyumba ya bibi mmoja mjane. Ukuta ulikuwa wa matofali ya udongo, una ufa unaoingia kiganja. Kigingi cha kuonyesha pa kushusha bamba kilikuwa karibu na dirisha.

Shangazi akazima injini. "Hapa sishushi."

Msimamizi akaja amefura. "Mama, kigingi si unakiona? Bibi atatoka nje mara moja, tunamaliza."

"Bibi atatoka. Ukuta je, nao utatoka?"

"Usinipotezee muda. Kama umeshindwa, wapo wanaoweza."

"Haya. Ingia ndani, ukae hapo chini ya ufa, nami nashusha sasa hivi."

Bibi, masikini, alipomwona msimamizi mlangoni, akadhani amepata mgeni. Akamtolea kigoda. "Karibu, baba, usisimame mlangoni."

Msimamizi akautazama ufa. Akalitazama paa. Akabaki pale pale mlangoni na kofia yake ngumu kichwani. Hata leo nikikumbuka napandwa na hasira: chini ya ufa aliotaka bibi wa watu arudi kulala, yeye mwenyewe aliogopa kukaa.

"Parukeni hapa, twende kigingi kinachofuata," akasema mwishowe, kisha akanyoosha mkono. "Na wewe, lete funguo."

Shangazi akampa. Kesho yake akarudishwa kwenye nyaya. Mabega yalipoanza kumuuma, sisi nyumbani tukamshauri aombe radhi, yaishe. Akatukata jicho hata tukaona aibu.

Picha ya ardhi iliyochorwa kwa mwangwi ule ilipotoka, ilikuwa na pengo jeupe upande wa juu, pale paliporukwa. Msimamizi alilalamika kwamba kazi imeharibiwa. Shangazi akaomba nakala, akaibandika sebuleni. Mgeni akiuliza, anaweka kidole kwenye pengo.

"Hapa anakaa bibi mmoja," anasema. "Na mpaka leo yumo ndani."